Askari Waliokataa Pilau

Mjini Karatu, hadi mwaka ule wa sitini na sita, hakuna aliyewahi kumrudishia Mwamini, mama wa mgahawa wa sokoni, sahani yenye chakula. Madereva wa malori ya vitunguu kutoka Mang'ola walikuwa wakilamba vidole kwake mpaka wanatia aibu. Makarani wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, watu wa kujidai wale, walikuwa wakishuka kwa baiskeli kila Jumamosi kwa ajili ya pilau yake tu. Sasa wewe fikiria: siku moja, mbele ya soko zima, wanaletwa askari watatu wenye njaa ya safari ya siku nne, wanawekewa sinia la pilau ya mbuzi linalofuka mvuke, wanalitazama, kisha wanalisogeza pembeni kwa adabu kabisa. Ala! Kama ardhi ingepasuka, Mwamini angejitumbukiza mwenyewe bila kusukumwa.

Na laiti ingekuwa aibu ya pilau tu. Nyuma ya sinia lile palikuwa na ugomvi uliougawa mji mwaka mzima.

Kule kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, watu wa Msumbiji walikuwa wakipigana na Mreno, na wakimbizi walikuwa wakivuka mto na watoto mgongoni. Serikali ikaomba vijana wa kujitolea waende kulinda mpaka. Huku kwetu walikwenda wanne. Watatu walikuwa Wamasai wa upande wa Ngorongoro na Soitsambu, mkubwa wao akiitwa Ngoitiko. Wa nne alikuwa Zaidi, mtoto wa pekee wa Mwamini, na Mwamini ni mjane. Kijana alipoomba ruhusa, mama alilia, akagombana naye, akamnunia, na mwisho akasema, "Haya nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo."

Shemeji yake, Marijani, hakumsamehe neno hilo. Marijani alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la vitambaa na mdomo usiopumzika. "Wale watoto vita hawavitaki," alikuwa akisema dukani, msikitini, hata kwenye foleni ya zahanati. "Wamerubuniwa kwa kofia na viatu. Mnafikiri Mmasai wa Soitsambu anamjua Mreno?" Wengine walimpinga mpaka mishipa ya shingo ikawatoka: vijana walikwenda kwa hiari, kwa nini uwafanye mazuzu? Kinyozi aliwahi kumwacha mteja na nusu ya ndevu ili abishane. Marijani akaandika barua kwenda wilayani, kwa jina la wananchi wa Karatu, kuomba vijana warudishwe makwao kwa kuwa vita hawaviungi mkono. Ilikuwa inangoja mkutano uipitishe tu.

Martini, katibu wa chama, mtu mpole asiyependa makelele, ndiye aliyesema, "Tunabishania mioyo ya watu ambao wenyewe wana midomo. Wale Wamasai watatu wanakuja likizo wiki ijayo, zamu ya Zaidi bado. Waje sokoni, wale, kisha tuwaulize." Mgeni hahojiwi akiwa na njaa. Mwamini akapewa kazi ya kupika, akachinjiwa mbuzi, akapika kama anaozesha binti.

Nao wakakataa kula.

Marijani alipanda juu ya benchi. "Mmeona kwa macho yenu! Mtu anayeunga mkono vita vya serikali atasusa chakula cha serikali?" Hapo soko likachafuka. Watu kumi wakawa wanauliza kwa pamoja, huyu anasema wanaogopa sumu, yule anasema wamekatazwa kunena. Ngoitiko alitazama chini, akasema, "Hatuna neno baya na mtu," akainuka na wenzake, wakaondoka. Katibu Martini akaona mambo yamemshinda. Akaahirisha mkutano mpaka kesho yake saa kumi jioni, barua ipigiwe kura.

Marijani alimfuata Mwamini jikoni. Safari hii hakupayuka, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Shemeji, kesho wewe uwe wa kwanza kunyoosha mkono. Mama akinyoosha, nani atabisha? Mtoto atarudi."

Mwamini aliendelea kusugua sufuria. Na tusidanganyane: nusu ya moyo wake ilikuwa imeshanyoosha mkono. Ikiwa Zaidi alirubuniwa, basi zile radhi zake zilikuwa ujinga wa mama, na arudi hata leo. Lakini ikiwa yuko kule kwa moyo wake, halafu mama ndiye anakwenda kumkamata mkia kama ndama aliyetoroka, atamtazama vipi usoni maisha yake yote? Alitaka kujua. Wallahi alitaka kujua kuliko alivyotaka kupumua.

Asubuhi Nanyokie akabisha hodi na vibuyu vyake vya maziwa. Mwanamke huyu wa Kimasai alikuwa akimletea maziwa tangu Zaidi hajaota meno, na Ngoitiko alikuwa mwanawe wa kumzaa.

"Takwenya," Nanyokie akasalimu.

"Hiyo takwenya nitaitikia baadaye!" Mwamini alifoka. "Mwanao amenivua nguo sokoni. Chakula changu kina nini? Nimekosea nini?"

Nanyokie alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatua vibuyu chini, akashika mbavu. "Mwamini, rafiki yangu. Ile nyama, nani alipika?"

"Mimi!"

"Nani alipakua?"

"Mimi, kwa mkono huu!"

"Na mimi nilisimama wapi?"

"Pembeni yangu, unamtazama mwanao umekenua meno yote."

"Basi umejibu. Mwanangu ni morani. Morani hali nyama ambayo mke wa mtu ameiona. Ikishaingia machoni kwetu, kwake hiyo si nyama tena. Na mama yake mzazi yuko hapo! Angekula, rika lake lingemcheka mpaka azeeke."

"Mbona jeshini anakula?"

"Jeshini nani anapika? Wanaume. Nani anatazama? Wanaume."

Mwamini alikaa juu ya kinu bila kujua amekaa juu ya nini. Miaka kumi na mitano ya mgahawa! Miaka yote ile morani walikuwa wakija kwake, wakiagiza chai na maandazi, nyama hawaiulizi, naye akawa anawasimanga moyoni kwamba ni mabahili. Asiyejua maana haambiwi maana. "Sasa kwa nini hakusema, jamani?"

"Aseme nini? Amwambie mama wa umri wangu, mbele ya watu wote, kwamba macho yako yameharibu chakula? Huyo atakuwa mtoto wa nani? Alinyamaza kwa heshima."

Mwamini hakunywa hata chai. Alijifunga kanga kiunoni, na watu wa Karatu walijua: Mwamini akijifunga kanga kiunoni, pisha njia. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Marijani, akamkuta anampimia mteja kitambaa.

"Shemeji, wewe unataka ukweli, au unataka kushinda?"

"Lo! Salamu gani hizo?"

"Nijibu."

Marijani aliweka mkasi chini. "Nataka mtoto wa kaka yangu awe hai. Hilo tu."

Alilisema kwa sauti ya mtu asiyelala vizuri, na Mwamini, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alimwonea huruma. Akamweleza yote, yule mteja akisikiliza bila haya. "Nina beberu nyuma ya nyumba," alimalizia. "Utamchinja wewe mwenyewe, ili na Waislamu wa mjini wapate kula. Mtakwenda naye kule korongoni chini ya soko, wanaume watupu. Askari wachome, mle nao pamoja. Wakishiba, uwaulize lile swali lako, na waje walijibu sokoni, mbele yetu sote. Wakisema hawavitaki vita, nitanyoosha mkono kabla yako."

"Na wakila tu halafu wasiseme kitu?"

"Basi utakuwa umekula mbuzi wangu bure, furahi."

Saa nane mchana Mwamini alimtoa beberu wake kwa kamba. Kumbe kutoa mbuzi ni rahisi, kazi ni kukaa mbali na moto! Yeye na Nanyokie na wanawake wa soko walikaa upande wa juu, karibu na vibanda vya nafaka, wote wameligeuzia korongo mgongo. Ukungu wa milimani ulikuwa umeshuka na baridi inauma. Harufu ya nyama ikaanza kupanda.

"Wataweka chumvi kweli wale?" Mwamini alinong'ona.

"Tulia."

"Marijani hata yai hawezi kuchemsha. Wanaunguza! Nanyokie, nasikia wanaunguza!"

"Ukigeuka tu, umeharibu beberu mzima," Nanyokie alimwambia, akamshika mkono kabisa, maana alimjua mwenzake.

Kwa muda mrefu hakukusikika kitu ila kuni zikipasuka. Mwamini alikuwa anahesabu shanga za tasbihi na kukosea. Watakuwa wamekataa tena. Watakuwa wamekaa kimya, na Marijani anatabasamu. Kisha kikatoka kicheko kimoja kinene, cha kinyozi, kikafuata kingine, na mara korongo lote likawa linacheka. Baada ya kicheko ikapanda sauti nzito ya kifuani, ule mngurumo wa morani wanapoanza wimbo, mmoja anatangulia na wawili wanaitikia. Halafu wakaitikia watatu, halafu kumi. Wanaume wa Karatu, mafundi cherehani na wauza chumvi, walikuwa wanajaribu kunguruma kama morani, na walikuwa wakiuharibu wimbo kupindukia.

"Wamekula," Nanyokie alisema.

Mwamini alifunika uso kwa kanga. "Alhamdulillahi."

Saa kumi wakapanda kutoka korongoni kwa kundi moja, askari katikati. Kidevu cha Marijani kiling'aa mafuta. Soko likajaa mpaka watoto wakapanda juu ya magunia. Ngoitiko alisimama mbele, ameshika rungu mkononi kama mtu anaposema kwenye mkutano wa kwao, na safari hii hakutazama chini.

"Uliza, mzee," alimwambia Marijani.

Marijani alikohoa. "Swali langu ni lile lile. Vita mnavitaka, au hamvitaki?"

"Vita hakuna anayevitaka. Kuna siku nimembeba mgongoni mtoto aliyekatwa mguu na bomu. Siku ile usingeniuliza kama navipenda." Akahamishia rungu mkono wa pili. "Lakini ukisema nilirubuniwa, mzee wangu, unanitukana. Simba akiingia boma la jirani, sisi hatungoji mpaka aruke uzio wetu. Nilikwenda kwa miguu yangu. Jumatano narudi kwa miguu yangu, na hawa wenzangu pia. Yupo mmoja wetu, mtu wa pwani, alisema moyo wake umekataa. Akarudi kwao na hakuna aliyemcheka. Sisi hatumsemei yeye. Na ninyi, tafadhali, msitusemee sisi."

Wale waliokuwa wakimpinga Marijani walianza kupiga makofi, lakini Mwamini alikuwa ameshasimama.

"Na Zaidi?" Akapenya watu mpaka mbele. "Ngoitiko, mwanangu, Zaidi je? Usinifiche. Kama anataka kurudi, niambie hapa hapa."

Ngoitiko alimgeukia yeye peke yake. "Mama, mwezi wa tano afande alipata habari kwamba Zaidi ni mtoto pekee wa mjane. Akamwita mbele ya kikosi, akamwambia afungashe mizigo, lori linaondoka kesho. Hakuna kosa, hakuna aibu, ni amri ya huruma tu. Zaidi akaomba ruhusa aseme."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Afande, nikikosea kazini, nirudishe kwa kosa langu. Usinirudishe kwa jina la mama yangu. Yeye ni jasiri kuliko sisi wote hapa.' Afande alivua kofia, mama. Mbele yetu sote. Lori likaondoka bila yeye."

Katibu Martini aliinuka, akauliza kwa sauti ndogo, "Wanaokubali barua iende wilayani, wanyooshe mikono." Hakukunyooka hata kidole. Watu wote walikuwa wanamtazama Marijani, mtu mzima mwenye duka na mvi, aliyekuwa hajawahi kushindwa ubishi tangu azaliwe. Akamshika Ngoitiko begani.

"Ukifika kule," alisema, na alisema kwa nguvu ili wote wasikie, "mwambie Zaidi kwamba baba yake mdogo alimsemea uongo mwaka mzima. Mwambie ninamwomba radhi."

Mwamini ndiye aliyeanza kigelegele, machozi yakimtiririka mpaka shingoni wala asiyafute, na wanawake wa soko zima wakakidaka.