Pande Tatu za Mfarishi

Siku ya maonyesho ya shule ilipofika, Rahabu alikuwa amekwisha kuchinja jogoo na kuteleka makande ya watu kumi na wanne. Mumewe, Timotheo, alimwuliza watafanya nini jina la binti yao lisiposomwa.

"Tutakula vilevile," Rahabu akajibu. "Lakini litasomwa."

Hakuwa mtu wa kunong'ona. Lushoto nzima ilimjua kwa mambo mawili: ulimi wake na mifarishi yake ya viraka, iliyofunika vitanda vya watu kuanzia Vuga mpaka kwenye baridi ya Shume. Viraka aliviokota barazani kwa fundi Idd: mapande ya kaki, ya marekani ile pamba nyeupe, ya khanga zilizopauka. Alivishona vikawa kitambaa kimoja, akaweka blanketi kuukuu katikati na marekani kwa chini, kisha akayapitia yote kwa mishono midogo iliyopangana kama punje kwenye gunzi la mahindi. Mwanamke aliyekuja kujifunza kwake akashona ovyo aliambiwa neno moja tu: fumua.

Zipora, kifungua mimba wake, alikuwa na miaka kumi na miwili na alishona kwa mkono wa kushoto. Mwaka ule wa 1953 wasichana kumi na mmoja wa darasa la nne walikuwa wakigombea nafasi tatu za shule ya bweni. Kwa hesabu na kusoma Zipora alikuwa amefanya vizuri. Ilibaki kazi ya mikono, na sharti lilikuwa wazi: kila msichana alete kitu alichokishona mwenyewe, tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho. Zipora alishona mfarishi mdogo wa mtoto mchanga. Ulimchukua miezi miwili. Alipomaliza aliukunja, akampa mama yake autunze, wadogo zake wasije wakaupaka masizi.

Rahabu aliukunjua ili autazame tu. Wallahi, kama angekuwa Mwislamu, angeapa hivyo: autazame tu. Lakini jicho lake likaangukia kwenye upindo, na mishono ya upindo ilikuwa inakwenda kama mlevi anayetoka arusini. Akasema arekebishe mmoja. Mmoja ukaulegeza wa pili. Asubuhi tatu mfululizo, Zipora akiwa shuleni, Rahabu alifumua na kushona upya upindo wa pande tatu. Upande wa nne hakuuwahi. Mtoto alirudi mapema, Rahabu akaukunja mfarishi haraka na kuurudisha sandukuni. Hakuona amefanya kosa. Mama gani anamtoa mtoto nje na tongotongo machoni?

Sasa darasa lilikuwa limejaa pomoni. Wazazi walibanana kwenye mabenchi, wengine walichungulia madirishani. Ndugu za Timotheo walikuwa wametembea kutoka Vuga tangu alfajiri, wakiongozwa na dada yake, Marta, aliyekaa ubavuni kwa Rahabu.

"Shikamoo, shangazi!" Zipora alikuwa amempigia magoti mlangoni, macho yakimeremeta.

"Marahaba, msomi wetu! Leo tutacheza mpaka khanga zikatike!" Kisha Marta akamgeukia Rahabu. "Wifi, mbona unatoka jasho? Mtihani ni wa nani?"

"Wa mtoto. Jasho ni langu. Niachie."

Mwalimu Klara, mwanamke mwembamba kutoka Tanga, alipita meza kwa meza akiwa na daftari na rula. Alipofika kwa Zipora aliuinua mfarishi. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Rahabu akavimba kifua.

"Umeushona wewe, Zipora?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu."

Klara akausogeza dirishani, akaugeuza, akaupitisha upindo vidoleni taratibu. "Shika penseli hii."

Zipora akaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Upande huu mishono imelala kama inavyolala ya mtu wa kushoto," Klara akasema. "Hizi pande tatu imelala kinyume chake. Una mikono mingapi, binti?"

Watu wakacheka. Zipora aliinama juu ya mfarishi, akautazama upindo. Alipoinua uso hakumtazama mwalimu. Alimtazama mama yake, na Rahabu akahisi benchi limekuwa la moto. Klara alikuwa ameshafungua daftari, kalamu mkononi, tayari kulikata jina.

"Mwalimu, usimfute!" Rahabu akasimama. "Pande hizo tatu ni zangu."

Klara akaishusha kalamu.

"Alikuomba?"

"Hakuniomba. Hakujua mpaka sasa hivi. Alinipa niutunze, mimi nikaufumua."

"Nilijua!" Marta akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Wifi hawezi kuona uzi asiushike!"

"Kwa nini ulifumua?" Klara akauliza.

"Mishono ilikuwa imepinda."

"Imepinda kiasi gani? Kiasi cha mtoto wa miaka kumi na miwili?"

Rahabu akafungua kinywa, akakosa neno. Timotheo, aliyeishi naye miaka kumi na mitatu, aligeuka kumtazama vizuri, maana jambo hilo hakuwahi kuliona.

Klara akatoa mezani kwake vitambaa vinne, sindano na uzi. Akaangalia saa yake ya mkononi. "Zipora, nusu saa. Unganisha viraka hivi vinne, upinde ukingo. Mama akisema neno hata moja, tumemaliza."

Zipora akakaa. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ulipoingia, ukajifunga fundo katikati ya mshono. Vidole vya Rahabu vikaanza kucheza vyenyewe mapajani. Timotheo akamshika kiganja, akakibana. Marta naye akamshika kile kingine. Walimkalisha hivyo, katikati yao, kama mwizi.

Mtoto alikuwa anakosea! Hakuanzia pembeni kama alivyofundishwa. Alianzia katikati, pale vitambaa vyote vinne vinapokutana, akaelekea nje. Rahabu akauma khanga yake. Lakini kadiri sindano ilivyokwenda, ndivyo alivyojikuta anasogea mbele kuona vizuri. Pembe nne zile, ambazo yeye mwenyewe zilimsumbua miaka mingi hadi akajifunza kuzificha kwa kiraka kidogo juu, zilikuwa zimekutana sawasawa, ncha kwa ncha. Kumbe inawezekana!

"Muda umekwisha."

Klara akaweka rula. "Haujanyooka," akasema. Watu wa Vuga wakainamisha vichwa. Akashika kitambaa pande mbili, akavuta kwa nguvu zake zote. Hakuna uzi ulioachia. Akatazama katikati kwa muda mrefu, akaandika, akaenda meza nyingine.

Majina yalisomwa saa sita. La kwanza halikuwa la Zipora. La pili halikuwa la Zipora.

"Na la tatu: Zipora, binti Timotheo."

Paa lilitaka kung'oka! Marta alipiga kigelegele cha kwanza, Vuga nzima ikampokea. Timotheo, mtu mzima mpasua mbao, aliruka benchi akamnyanyua binti yake juu kama kichanga. Walimzungusha darasani, wakamtoa uani, wakaanza kuimba. Rahabu alifuata nyuma, mikono ikiwa imemning'inia, hajui aiweke wapi.

Zipora akaomba ashushwe. Akaja akasimama mbele ya mama yake.

"Hukuniamini."

"Wewe nakuamini. Mishono ndiyo sikuiamini."

"Ni kitu kimoja, Mama."

Rahabu akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Ni kitu kimoja. Nilikosa." Akajifuta macho kwa ukingo wa khanga. "Zile pembe umefundishwa na nani?"

"Hakuna mtu. Nilijaribu tu."

"Utanionyesha."

"Nitakuonyesha."

Nyimbo zilikuwa zimekwisha kushika njia kuelekea nyumbani. Rahabu akakohoa kidogo.

"Sasa, nipige kigelegele? Au na hicho utapiga mwenyewe?"

Zipora alijizuia, akashindwa, akaangua kicheko. "Piga, Mama! Piga kwa nguvu!"

Akakipiga. Waliokuwa mbele njiani wakageuka wote kwa pamoja kutazama ni nani.