Sauti ya Ng'ambo

Mama Redio alikuwa amestaafu zamani kazi ya kuongea na meli redioni alipoalikwa kwenye ufunguzi wa kituo cha uokoaji ambacho nchi zote za bahari ile zilikuwa zimekijenga kwa pamoja. Alizunguka chumba cha mitambo, akakikumbuka chumba chake cha enzi zile, chenye feni mbovu na redio iliyokuwa ikikoroma kama mtu aliyelala chali.

Siku hizo serikali zilikuwa zimenuniana na mpaka umefungwa. Hata hivyo, kila asubuhi yeye na mwenzake wa ng'ambo waliambiana redioni habari za upepo na meli, wakiitana "Dada" na "Ng'ambo", ingawa hawakuwahi kuonana. Meli ya mizigo aliyofanyia kazi kaka yake ilipoanza kuzama, mwenzake huyo alituma boti bila kungoja ruhusa ya wakubwa. Kaka akarudi salama. Yule bwana akahamishwa, na sauti yake ikapotea redioni.

Sasa, kwenye meza ya chai, Mama Redio alisikia mtu nyuma yake akiomba sukari. Aliitambua sauti ile.

"Ng'ambo?" aliita.

Mzee mfupi mwenye kipara aligeuka. "Dada! Bado unaita watu kwa kukaripia?"

"Na mimi miaka yote nilidhani u mrefu!"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka hajambo?"

Mama Redio alitoa simu, akampigia kaka yake, akamkabidhi mzee aongee naye mwenyewe.