Saini za Ijumaa

Jumanne, saa tisa alasiri, Mama alipigiwa simu akiwa anaanua nguo. Mkononi alikuwa na sare ya kazi ya dada yangu. Dada alikuwa ameshafariki.

Alifanya kazi kwenye nyumba ya nyoka, akiwalisha nyoka na kuwaelimisha wanafunzi waliokuja kuwatazama. Jumamosi nilikuwa nakaa nyuma kabisa, nikimsikiliza.

"Dada, koboko akinikimbiza je?" mtoto mmoja aliuliza.

"Akukimbize akupeleke wapi? Wewe humezeki! Sumu yake ni ya kukamatia panya na ndege, hapendi kuipoteza. Ukimwona, rudi nyuma polepole. Anachotaka ni njia ya kupita."

Aliwaeleza kwamba kifutu hulala tu akitegemea rangi yake imfiche, ndiyo maana watu humkanyaga. Kwamba nyoka hutoa ulimi ili anuse, wala hatishi mtu. Na aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba. Atulie, na mwenzake akimbilie msaada.

"Na kama hana mwenzake?"

"Hapa kwetu kila mtu ana mwenzake." Akamwonyesha mzee aliyefanya naye kazi, tuliyemwita Kulabu kwa sababu ya fimbo yake ya kushikia nyoka. "Sanduku la nyoka halifunguliwi na mtu mmoja."

Mama naye aliahidiwa hivyohivyo.

Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua vitu vyake. Mezani palikuwa na daftari la masanduku: kila linapofunguliwa, wawili husaini. Nikatafuta Jumanne. Saini mbili. Nikafunua ukurasa. Alhamisi, mbili. Ijumaa, mbili, na moja ilikuwa ya dada yangu, aliyekuwa kaburini siku hiyo.

Kulabu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwa wapi siku ile, baba?"

"Dukani, mwanangu. Nilikutana na mtu, tukaongea."

"Aliumwa akiwa peke yake. Alikaa saa nzima ameegemea ukuta, mkono ameutuliza, anakusubiri."

Akainamisha kichwa. "Tulikuwa tunasaini wiki nzima kila Jumatatu. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema tunapoteza muda."

Nilitaka awe mwongo. Lakini mwandiko niliujua, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Kumchukia Kulabu kulikuwa rahisi. Dada je? Miaka sita alimtazama Mama usoni: "Tuko wawili, Mama, usiwe na wasiwasi." Nami nilikuwa nikiitikia, "Kweli, nimewaona." Nilichokiona ni Jumamosi tu, mbele ya wageni.

"Chana kurasa hizo," Kulabu alisema. "Mama yako abaki na binti aliyemjua."

"Na wewe ubaki na kazi yako?"

Alichukua fimbo yake, akaondoka.

Mchunguzi wa kifo cha dada angekuja kesho yake. Nilikaa na daftari lile magotini mpaka mlinzi akaja kufunga. Nilimfikiria yule mtoto aliyeuliza kuhusu mwenzake. Wanafunzi husimama hatua chache tu kutoka kwenye masanduku yale, wakiamini walichoambiwa.

Nilimkabidhi mchunguzi daftari likiwa zima.

Kulabu alisimamishwa kazi. Mama alisomewa ripoti yote, pamoja na jina la dada. Aliniuliza swali moja: "Ulishindwa kumsitiri?"

Sasa ananiwekea chakula mezani, halafu anaenda kula chumbani kwake.