Sikio la Hjalti

Nguzo ya bendera mbele ya kanisa ilipinda Jumatatu asubuhi, na Sólveig akamlaumu kasisi.

"Ameigonga na gari lake," alimwambia dada yake Gunnvör. "Tazama ilivyojikunja kama utumbo."

Gunnvör akatazama. "Nguzo imesimama wima. Uliyejikunja ni wewe."

Wakacheka. Lakini kesho yake mistari ya gazeti ilicheza mawimbi, na uso wa Gunnvör ukawa na doa la kijivu mahali pa pua. Gunnvör hakungoja. Alimtia mdogo wake garini, moja kwa moja hadi mjini Akureyri kwa daktari wa macho.

Daktari, binti mwenye nywele nyekundu, hakuzunguka. Katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho, pale panapotumika kusoma na kutambua sura, mishipa dhaifu ya damu ilikuwa imeota na inavuja. Jicho la kushoto lilikuwa limechakaa kitambo bila yeye kujua. La kulia lingeweza kuokolewa kiasi kwa sindano za kila mwezi.

"Sindano ya wapi?" Sólveig aliuliza.

"Ya jicho."

"Jicho la nani?"

"Lako, mama."

"Nilikuwa natumaini ni la Gunnvör."

Alitiwa dawa ya ganzi, akahisi kubonyezwa kidogo tu, basi. Baadaye mtaalamu mmoja akamfundisha ujanja: asimkazie mtu macho usoni, maana ndipo doa linapokaa. Aangalie pembeni, kwenye sikio, na uso utajitokeza wenyewe.

Alifanya mazoezi jikoni, Gunnvör akiwa amekalishwa kwenye kigoda.

"Pua, umepotea. Kidevu, umepotea. Sikio... Ee, ndiye wewe! Mungu wangu, umezeeka!"

"Na wewe umepona haraka mno," dada yake akamjibu.

Septemba ikafika, kondoo wakateremshwa kutoka milimani. Bonde zima lilikusanyika kwenye zizi kubwa la mviringo, kila shamba likisaka kondoo wake katikati ya mamia ya migongo. Watoto wa Sólveig walimsihi akae kwenye meza ya kahawa. Yeye akavuta sweta yake, akaruka ukuta wa zizi, akaanza kupapasa masikio, maana kila shamba hukata alama yake sikioni mwa kondoo. Mkato wa pembe tatu sikio la kulia: wake. Ncha iliyokatwa: wa jirani. Vidole vyake vilisoma haraka kuliko macho ya vijana, naye akajisikia kama amelewa kwa furaha.

Kisha akakamata pembe za kondoo dume mmoja, mkubwa kama kabati. Dume hakukubali. Alimbeba Sólveig mgongoni nusu ya zizi, mama wa watu akipiga kelele "Simama, mpumbavu wewe!", akaja kumbwaga miguuni pa mwanamume mmoja.

"Kumbe leo tunasalimiana," mwanamume yule akasema.

Sauti aliijua. Ni Hjalti, mgane wa ng'ambo ya mto.

"Lini nimekunyima salamu?"

"Tangu Pasaka! Dukani unanipita kama gunia la viazi."

Sólveig akainuka, sufu imemjaa mdomoni, akaelekeza macho pembeni.

"Sasa unatazama nini? Sikio langu lina nini?"

"Macho yangu yameharibika katikati, Hjalti. Nikikutazama usoni unatoweka. Nikitazama sikio, nakuona mzima, hadi hizo nyusi ulizoshindwa kuzichana."

Miezi mitano ya kununa ikamwisha Hjalti pale pale.

Sólveig akanyoosha mkono, akalishika sikio lenyewe, akalipapasa kwa makini. "Hana alama!" akatangaza. "Jamani, huyu hana mwenyewe!"

Zizi likaangua kicheko.

"Asiye na alama anachukuliwa na nani?" mtu akapiga kelele.

"Na aliyemkamata!" Gunnvör akajibu kutoka ukutani, machozi ya kicheko yakimtoka.

Hjalti akawa mwekundu mpaka shingoni, ila sikio hakulitoa mkononi mwake.

Alasiri, baada ya supu ya nyama, kinanda cha mkono kikaanza kulia ghalani, naye Hjalti akaja kumwomba Sólveig wacheze. Walizunguka, wakazunguka, Sólveig akimkanyaga kila hatua ya tatu.

"Nisamehe, ni haya macho."

"Macho gani?" Hjalti alisema, akihema na kucheka. "Ulinikanyaga hivi hivi mwaka sabini na moja."