Mto wa Bwana Mpimaji

Bwana Mpimaji aliamka ndani ya machila saa nne asubuhi, shingo imekakamaa, kichwa kimelalia bega la kulia na hakigeuki. Wapagazi wanne walikuwa wamemtoa Rutamba alfajiri, wakamtua uani kwa Jumbe Nassibu ili wapate maji ya kunywa kabla ya kuanza kupanda nyanda za juu za Rondo. Alikuwa mtu mrefu. Katika kile kitambaa cha turubai kilichoning'inizwa kwenye mwanzi alilala amejikunja, kidevu kifuani, mabega yamebanwa hadi masikioni. Siku ya tatu hiyo alikuwa akilalamika. Mto wake wa kulalia aliusahau Lindi. Sandukuni imebaki foronya tupu, iliyodariziwa maua mekundu.

"Jumbe," alisema, mkono shingoni, "mimi nataka mto."

Kijiji kile kilikuwa na mito miwili tu. Mmoja ulikuwa wa sufi, mnene, na Jumbe Nassibu aliulalia peke yake. Watu wengine wote walilalia mikono yao. Wa pili ulikuwa Namtili, uliopita bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Jumbe aliutazama mlango wa chumba chake, halafu akatazama bondeni.

"Bwana ametaka mto," aliwaambia wazee. "Apewe mto."

Klementi, mpagazi wa mbele, alikuwa mwenyeji wa hapo hapo. Mkewe, Veronika, alikuwa na jaruba moja la mpunga kando ya Namtili. Mvua zilikatika mapema mwaka ule, na mpunga ndio kwanza ulikuwa unatoa masuke. Klementi alitema mate, akamfuata Jumbe.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba."

"Bwana anasema mto wa kulalia. Kama ule wako wa sufi."

"Wewe umeajiriwa bega, hukuajiriwa ulimi," alisema Jumbe. "Umemsikia akitaja sufi? Alitaja mto."

Wazee wakashuka bondeni. Waliushika Namtili pale unapotokea kwenye mawe, wakaung'oa, wakaukunja kuanzia juu kwenda chini kama watu wanaokunja mkeka. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, maana maji yalikuwa yameshapungua. Kina mama waliokuwa wakifua walisogea kuwapisha, wakabaki wamesimama kwenye tope na nguo za mapovu mikononi. Mto uliingia wote kwenye foronya. Jumbe mwenyewe alifunga vifungo, akaipigapiga ikae sawa, akaiweka chini ya shingo ya Bwana kwa mikono miwili, huku akiuliza kama iko juu mno. Tabasamu lake lilimchefua Klementi kuliko kitu chochote alichokiona mwaka ule.

Wakapanda. Bwana alilala fofofo. Foronya ilivuja utelezi wa kijani wenye harufu ya vyura waliokufa, na kwenye kishikizo cha tatu sharubu za kambare zilichungulia, zikawa zinampapasa Bwana sikioni. Hakuzisikia. Mdomo wake ulikuwa wazi na mate yakimtoka, uzi mrefu usiokatika, yakiingia mtoni. Klementi aligeuka mara moja akayaona. Yale ndiyo maji waliyokunywa wanawe, na hakugeuka tena.

Adhuhuri waliitundika machila kati ya miti miwili wapumzike. Klementi alikuwa ameshaamua: Bwana akipata kulala vizuri bila mto, Namtili utarudi bondeni kabla masuke hayajakauka. Alipomwona amefumbua macho, akamsogelea.

"Bwana, niwie radhi. Ukilala unafuata mwanzi hivyo, lazima shingo iume. Lala mshazari. Kichwa kipeleke kushoto kidogo, miguu kulia. Na hizi kamba zimekazwa mno, ndizo zinazokubana mabega. Tukizilegeza, mwili utanyooka kama uko kitandani. Mto hutauhitaji."

Kamba zikalegezwa. Bwana akalala mshazari. Mgongo ulinyooka, mabega yakaachana na masikio. Aligeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu Lindi akacheka. Klementi alikwisha kuingiza mkono chini ya foronya.

"Kweli kabisa," alisema Bwana. "Shingoni sina haja nao."

Akauchukua mto, akausogeza chini, akauweka chini ya magoti.

"Magoti pia yanachoka," alisema, akafumba macho.

"Umemfundisha vizuri," Kornelio, mpagazi wa nyuma, alimwambia Klementi walipoinua tena. "Mimi mzigo umenipungukia."

Maana machila ilibebwa miguu mbele, na tangu hapo Namtili ulimchuruzikia Klementi mgongoni, kutwa nzima, kwa wiki tatu ambazo Bwana alipima Rondo. Shati lake liliota ukungu. Ngozi ya mgongo ilijikunja na kuwa nyeupe, na ruba wawili wakakaa kiunoni, akawazoea. Bwana alisifu sana njia ile ya kulala mshazari, akaiandika kwenye daftari lake kwa faida ya wenzake.

Waliporudi kijijini, mpunga ulikuwa umesimama mkavu, masuke mapepe. Jumbe alitoka mbio kuuliza kama Bwana amestarehe. Bwana alisema amestarehe, na kwamba mto ule atakwenda nao kwao.

"Ni wako, Bwana," alisema Jumbe.

Veronika alikuwa mlangoni na sufuria tupu. Aliuona Namtili, umefura ndani ya maua mekundu, chini ya magoti ya mtu.

"Vua shati," alimwambia mumewe.

Akalikamua juu ya sufuria, mikono yote miwili, mpaka tone la mwisho. Yalipatikana maji kiasi cha nusu, ya kijani. Akayabandika motoni, yakachemka yakatoa povu, akasonga ugali wa muhogo. Klementi aliujua kila uchafu uliokuwamo: jasho lake, vyura, na yale mate. Watoto walikuwa wameshakaa wanasubiri, basi akamega tonge la kwanza, akameza, wao nao wakaanza kula. Jumbe alipoita wapagazi wamteremshe Bwana Lindi, Veronika alimrudishia shati.

"Livae vizuri, lifunike mgongo wote," alisema. "Ukirudi tutakunywa."