Nyumba ya Kusikilizia

Tulikuwa watatu juu ya kilima, na hakuna aliyetaka kumwangalia mwenzake. Mayu Mbuke, yaani Mama Mbuke kwa Kisukuma, alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu ameinyoosha, kitenge amekivuta mpaka mabegani kwa ajili ya baridi. Mzee Jilala wa kijiji cha Ilobwe alisimama mbali kidogo, fimbo begani, mgongo ametugeuzia. Na mimi, Mwaisha binti Nassibu, msichana wa mjini niliyepanda mawe na viatu vya kisigino kwa ujinga wangu mwenyewe, nilikuwa nimeikodolea macho saa ya kuazima. Kulikuwa kumepambazuka, upepo haujaanza bado.

Saa kumi na mbili kamili, yowe likaja kutoka kijiji cha Mwashilugu.

Halikuwa kubwa. Lilipanda bondeni jembamba, likakatika, likapanda tena. Nilimwona Mzee Jilala akigeuza shingo polepole.

"Hao ni wao?" akauliza.

"Sasa ulidhani nani? Fisi?" Mayu Mbuke akamjibu.

Yule mwanamume hakucheka. Aliteremsha fimbo, akaiegemea kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka bonde likawa kimya. Kwa miezi mitatu alikuwa amekula viapo mbele ya watu kwamba usiku wa wizi Mwashilugu hawakupiga yowe lolote. Sasa alikuwa amelisikia kwa masikio yake.

Ngoja niseme tulifikaje pale, maana mwenzangu usiyejua utaniona kichaa.

Mwaka ule, themanini na nne, wizi wa ng'ombe ulikuwa umeichosha Shinyanga yote. Vijiji vilikuwa vimejiundia ulinzi wake, na wafanyabiashara wa mjini, kwa kuwa pamba isingeuzwa na watu wasiolala, walichangia mfuko mmoja wa kusaidia ulinzi huo. Mwenyekiti alikuwa Champaklal, mwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, ambaye sote tulimwita Baba Usha. Aliyezaliwa Shinyanga na kuzungumza Kisukuma cha kutania wazee ni yeye Mhindi. Mimi Mswahili wa karibu na msikiti nilikuwa najua salamu na kuomba maji. Pembeni yake alikuwapo Mzee Akida wa sokoni, mtu wa taratibu kupita kiasi. Mimi nilikuwa karani wao. Nilipokea barua za vijiji, nikazisoma, nikaziandalia majibu, na nikafuatilia kama walichopewa kinafanya kazi.

Mara nyingi hakikufanya. Mwaka wa kwanza tuligawa tochi hamsini, wakati Shinyanga nzima huoni betri hata kwa dawa. Wanawake wa kijiji kimoja walizigeuza zile tochi kuwa vyombo vya kutunzia mbegu za bamia, na mbegu zilikaa salama kabisa. Tulipogawa filimbi, Baba Usha alisema afadhali hizi hazili betri.

Mwezi wa nne zikaja barua mbili wiki moja. Ya kwanza ilitoka Mwashilugu: wezi waliingia usiku, mlinzi mmoja alikatwa mguu kwa panga, ng'ombe ishirini na sita wakaondoka, na jirani zao wa Ilobwe walisikia yowe wakajifunika blanketi. Basi Ilobwe ni washirika wa wezi. Walikuwa wamepanga mkutano baada ya mavuno, wawatenge Ilobwe: wasipewe moto, wasichote maji, wasizikwe nao. Waliomba mikuki. Ya pili ilitoka Ilobwe, imeandikwa na Mzee Jilala mwenyewe: hakuna yowe lililopigwa, Mwashilugu wamekula njama na wezi, na binti yake aliyeolewa huko amerudishwa kwao na mtoto mgongoni. Nao waliomba mikuki.

Nakumbuka nilizilaza barua mbili juu ya meza, moja huku nyingine huku, nikazisoma mstari kwa mstari nikitafuta mwongo. Yowe la hatari, ambalo Wasukuma huliita mwano, si jambo la mchezo. Anayelisikia lazima alipokee, alipige kwa sauti yake, akimbie kwenye tukio. Asiyefanya hivyo hana jina tena. Mtu anaweza kudanganya juu ya ng'ombe, lakini kijiji kizima hakidanganyi juu ya mwano. Nikajiuliza, je, kama hakuna mwongo?

Hapo nikakumbuka jina la Mwashilugu katika barua moja niliyoikataa. Niliinuka, nikafungua kabati, nikatoa faili la maombi yaliyokataliwa.

Barua ya Mbuke ilikuwamo. Ilikuwa ya mwezi wa pili, majuma saba kabla ya wizi. Mjane huyu, mkazi wa Mwashilugu, kwa mkono wa mtu aliyemwandikia, aliomba nguzo, nyasi, mlango wa mbao na mapipa mawili ya maji, ajenge tena alipokuwa akiishi kabla ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka sabini na nne, juu ya kilima kilicho katikati ya Mwashilugu na Ilobwe. Mfuko hausaidii mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nimesoma mpaka kwenye neno "nyumba", nikaandika "haihusiki", nikagonga muhuri. Sikugeuza ukurasa. Nyuma yake kulikuwa na mistari miwili tu: "Mwano wa Mwashilugu haufiki Ilobwe. Sisi wa mlimani ndio tulikuwa tunaupokea na kuupeleka, na tangu tuondolewe hakuna mtu pale."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kuna mtu alikuwa wodini hana mguu, na mimi ndiye niliyegonga ule muhuri.

Nikampelekea Baba Usha zile barua tatu, nikamwambia ukweli wote, kwamba kosa ni langu. Alisoma, akavua miwani, akaisugua kwa pindo la shati muda mrefu.

"Nimepita pale mlimani tangu nikiwa mdogo na baba yangu, tukinunua pamba," alisema. "Tulikuwa tunapewa uji katika mji ule. Leo ndiyo najua ulikuwa unafanya kazi gani."

Mzee Akida hakukubali. "Mama mmoja ajengewe nyumba na mfuko? Kesho wajane wote wa mkoa watajaa hapo mlangoni. Na hiyo hadithi ya yowe nani ameipima?"

"Tuipime basi," nikasema. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sikuwa nimewahi kumjibu Mzee Akida.

Ndiyo maana asubuhi ile Mzee Akida alikuwa Mwashilugu na vijana wa zamu, Baba Usha alikuwa Ilobwe na wazee wakisikiliza, na sisi watatu juu. Mzee Jilala aliletwa pale kwa sharti lake mwenyewe, ahakikishe watu wa mjini hawawafanyii watu wake mazingaombwe. Makubaliano yalikuwa hivi: mwano wa saa kumi na mbili tusiupokee, tuone kama Ilobwe watausikia wenyewe. Ule wa saa kumi na mbili na nusu Mayu Mbuke ataupokea, na Ilobwe wakiusikia watakuja mbio. Wasipokuja, Mzee Akida atakuwa amesema kweli, mlima utabaki mtupu, na mkutano wa kutengana utaendelea.

Nusu saa ile sitaisahau. Ilobwe ilikuwa kimya chini yetu, moshi wa asubuhi tu, hata mbwa hakubweka. Hawakuwa wamesikia lolote, ilikuwa wazi.

"Mayu," Mzee Jilala akasema bila kumtazama, "yule mlinzi alipiga kwa muda gani usiku ule?"

"Mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa jirani yake. Kila akipumua alisema, watakuja, Ilobwe watakuja."

Mzee Jilala akageuka kuitazama Ilobwe.

Mwano wa pili ukaja. Mayu Mbuke akasimama, akaweka kiganja shavuni, akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Akajaribu tena, akakohoa mpaka akalishika tumbo. Alipotulia alinitazama kama mtu aliyekamatwa.

"Aliyekuwa akipiga ni mume wangu," alisema. "Mimi nilikuwa nasikia. Yeye alilala kama gogo, mimi namwamsha, anapiga. Sikuwaambia, mngenikatalia."

Ee Mola wangu! Nilitamani ardhi inimeze. Bondeni Mwashilugu walikuwa bado wanapiga, mara ya tatu, mara ya nne, na dakika zilikuwa zinakwenda. Nikafungua mdomo nipige mimi, nami katika maisha yangu sikuwa nimewahi kupaza sauti kuliko ya kuita muuza karanga. Kikatoka kilio cha paka. Nikaona machozi yananitoka, nisidanganye.

Ndipo Mzee Jilala alipotupa fimbo chini.

Alitembea mpaka ukingo wa jiwe, akatanua miguu, akapiga. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechunga ng'ombe mbugani maisha yake yote, nzito chini, kali juu, na ilitoka tumboni kabisa. Ilikwenda moja kwa moja Ilobwe. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, na safari hii sauti ilivunjika katikati, maana alikuwa analia.

Kwanza wakatoka wawili. Kisha njia nzima ya Ilobwe ikajaa watu, wenye mikuki, wenye magongo, mwanamke mmoja na mwiko wa ugali mkononi, na katikati yao Baba Usha na tumbo lake, suruali ameipandisha kwa mikono miwili, anakimbia. Walitupita pale juu bila kusimama, wakateremka upande wa pili kuelekea Mwashilugu. Mzee Jilala akaokota fimbo yake akawafuata.

Nimesimuliwa yaliyotokea kule na watu wengi, kila mmoja kivyake. Wote wanakubaliana kwamba Mwashilugu walipowaona Ilobwe wakiingia mbio, walisogea kuwapisha. Mzee mmoja alileta maji ya kunywa. Wakanywa kutoka kibuyu kimoja, na ule mkutano wa mavuno haukufanyika.

Mzee Akida aliunga mkono ombi mwenyewe. Alitaka tena tuongeze bati, mfuko usije ukaonekana unajenga vibanda. Mayu Mbuke, aliyeitwa mbele ya kamati kushukuru, akakataa palepale.

"Chini ya bati mvua ikinyesha nitasikia nini? Na mwizi anapenda mvua. Nipeni nyasi."

Baba Usha alicheka mpaka akafuta macho. Ruhusa ya kumwacha mtu aishi nje ya kijiji aliihangaikia yeye, ofisi kwa ofisi, kwa majuma sita. Kuhusu sauti, mdogo wake Mzee Jilala alihamia pale juu na mkewe, akajenga hatua ishirini kutoka kwa mjane. Baada ya hapo nimeendesha mifuko mingi, hata kule Geita kwa wachimba dhahabu, na mpaka leo hakuna barua ninayoifunga kabla ya kugeuza ukurasa.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nilirudi kufuatilia, safari hii na viatu vya mpira. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, mapipa mawili yamefurika. Chini njiani nilikuwa nimempita binti wa Mzee Jilala akielekea Mwashilugu kwa mumewe, mtoto sasa anatembea mwenyewe akikanyaga kila dimbwi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu Mayu Mbuke kwa Kisukuma nilipofika juu.

"Mwangaluka. Afadhali, umejifunza kuvaa."

Aliniketisha mlangoni, akanipa uji. Nikatoa karatasi ya kamati, ambayo Mzee Akida alikuwa ameipanga kwa mistari. Nikamuuliza tangu ahamie wamepokea mwano mara ngapi.

"Hata mara moja."

"Wezi wamepita mara ngapi?"

"Sijawaona. Wamesikia mlima una watu."

"Ng'ombe waliookolewa?"

"Hakuna aliyeibiwa, tuokoe nini?"

Kalamu ikabaki hewani. Miezi yote ile ya msaada, na kila mstari hakuna, hakuna, hakuna. Aliniona nimekunja uso, akaichukua ile karatasi, akaitazama juu chini ingawa hakujua kusoma, akanirudishia.

"Hiyo inakusumbua nini?"

"Inataka kujua tumepata nini, mayu."

Aligeuka kutazama ndani. Ndani ya nyumba kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, kichwa upande wa Mwashilugu, shuka limekunjwa vizuri. Huko chini kijijini, miaka kumi, alikuwa ameniambia, alikesha kila usiku akisikiliza huku mlimani ambapo hapakuwa na mtu.

"Andika kwamba nalala," akasema.

Nikaandika hivyo kwa wino, wala sikuongeza neno.