Karkade Iliyogeuka Kijani

Hajati Ramlah alikataa katakata: Shamira haendi Jinja. Maonyesho ya sayansi ya shule yalikuwa huko Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kuchuja majivu. Hapa Namakwekwe, Mbale nzima kwa kweli, hakuna aliyemfikia Hajati kwa magadi ya majivu. Wapishi wa malewa, yale machipukizi ya mianzi, waliyagombania. Mabaki ya majivu aliyamwaga nyuma ya nyumba, kando ya mfereji.

"Kemia ni kuchezea uchafu," alimwambia mjukuu wake. "Uchafu tuko nayo hapa nyumbani."

Shamira aliumia sana, ila hakuwa mtoto wa kulia akanyamaza. Alijua bibi yake ana ugomvi na Swaibu, kijana anayeosha bodaboda upande wa juu wa mfereji. Vyura walikuwa wametoweka, mbu wamejaa hadi chandaruani, magimbi yamekuwa manjano, na Hajati alimtwika Swaibu lawama zote.

Asubuhi iliyofuata Shamira aliiba karkade ya bibi, kile kinywaji chekundu cha maua ambacho familia yao ya Kinubi haikikosi. Mwalimu alikuwa amewafundisha: kwenye asidi hubaki nyekundu, kwenye alkali hugeuka kijani. Akachota maji ya mfereji mahali patatu, akachanganya, akatazama. Ikabidi azibe mdomo kwa kiganja asicheke.

Kisha akaenda kuchochea ugomvi. "Jajja, Swaibu anasema wewe unasingizia yeye." Uongo mtupu, Mungu amsamehe.

Hajati alitoka kama aliyeumwa na siafu. Majirani wakajaa.

"Mimi naweza kupima maji tujue nani anaharibu, jajja," Shamira alisema kwa upole wa kutia shaka. "Lakini mtu akishikwa, adhabu yake nini? Apoteze Jumamosi, anipeleke Jinja?"

Jumamosi ndiyo siku ya Swaibu ya wateja wengi. Hajati akaona tamu. "Wallahi! Mtu yenye anaharibu hii maji, atapeleka huyu mtoto Jinja yeye mwenyewe!"

Shamira akapanga glasi tatu za maji ya mfereji juu ya kigoda, akatia karkade katika kila moja. Maji ya juu ya kwa Swaibu: mekundu. Maji ya chini ya kwa Swaibu: yalififia kidogo, yakabaki mekundu. Maji ya chini ya nyumba ya Hajati: kijani kibichi.

"Majivu yana alkali," Shamira alieleza. "Mvua inaichuja mpaka mferejini. Chura anapumua kwa ngozi, inamuunguza. Chura akiisha, mbu hana wa kumla."

Swaibu alicheka hadi akakaa chini. Hajati hakucheka. Aliitazama glasi ya tatu, na Shamira akaiona aibu usoni mwa bibi yake, ikamchoma kuliko alivyotarajia. Akatamani kuimwaga glasi ile.

"Wewe ulijua toka asubuhi?" Hajati aliuliza polepole.

"Ndiyo, jajja."

"Ukaniacha niape mbele ya watu?"

Shamira akainamisha kichwa, akiiaga Jinja moyoni.

Hajati akachukua koleo, akamtupia Swaibu. "Wewe, acha meno. Saidia mimi kutoa hii jivu hapa." Halafu akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe piga pasi yunifomu. Mtoto yenye anaweza kutega mimi, hao walimu wa Jinja watamuweza wapi?"